Kigezo cha Pamoja na Msemaji wa Endebess: Uhakiki wa Vipimo vya Kiswahili katika Mitambo

1. Utangulizi

Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Nia ilikuwa kwamba nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, zifuate tahajia moja na sarufi moja, na kwamba vitabu vya shule vipitie mikononi mwa wahakiki wale wale kabla ya kuchapwa. Katika miaka yake ya mwanzo Waafrika hawakuwa wajumbe wa Kamati hiyo. Wenye lugha walipimwa kwa kigezo ambacho hawakuketi kukijadili.

Mengi yameandikwa juu ya jambo hilo, na aghalabu limechukuliwa kuwa suala la historia, lililokwisha pale Kamati ilipoingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964 na kuwa chanzo cha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali lile lile limerudi kwa sura nyingine. Leo Kiswahili hupimwa ndani ya mitambo: simu, kompyuta, programu za kutafsiri na programu za kusikiliza maneno na kuyaandika. Mitambo hiyo ni ya aina nyingi na watengenezaji wake ni wengi, lakini aghalabu huchota majibu yao ya kulinganishia katika visima vichache. Hapana budi wanazuoni wa lugha waviangalie visima hivyo kwa jicho lile lile walilokiangalia Kiswahili sanifu.

Mahali palipochaguliwa kuwa mfano ni Endebess, katika Kaunti ya Trans Nzoia, chini ya Mlima Elgon, kwenye barabara itokayo Kitale kuelekea mpaka wa Suam. Hapa wanaishi Wasabaoti na Wabukusu, pamoja na jamii nyingine zilizofika wakati wa mashamba ya walowezi na baada ya uhuru. Msabaoti na Mbukusu wanapokutana sokoni, lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Si lugha ya mama ya wengi wao, wala hawakuipata kutoka pwani. Wameipata shambani, shuleni, kanisani na barabarani. Basi Endebess ni mahali pazuri pa kuuliza: kigezo kinachoitwa cha pamoja ni cha pamoja kwa nani?

Dai la makala haya ni kwamba kigezo cha pamoja ni cha lazima, lakini hakistahili jina hilo mpaka kijaribiwe mahali, na watu wa mahali hapo. Aidha, tofauti zinazojitokeza zigawanywe katika mafungu mawili: tofauti halali ya lugha, na kasoro ya mtambo. Mafungu hayo yakichanganywa, anayedhulumika ni msemaji.

2. Namna kigezo cha pamoja kinavyofanya kazi

Mtu anayetengeneza programu hawezi kuikagua yote upya kila anapobadilisha jambo dogo. Kwa hiyo huandaa majaribio. Kila jaribio huipa programu swali ambalo jibu lake linajulikana, kisha jibu linalotolewa hulinganishwa na jibu lililowekwa akiba. Jibu hilo la akiba ndilo linaloitwa kigezo katika makala haya. Programu ikitakiwa kufanya kazi katika mifumo mingi, kwa mfano Android, Windows na mifumo ya Apple, huzuka tatizo. Kila mfumo ukiwa na kigezo chake, kazi ya kuvitunza huwa kubwa mno, na kosa lililosahihishwa hapa hubaki kule. Mifumo yote ikitumia kigezo kimoja, tofauti ndogo iliyo halali, kama vile upana wa herufi kwenye kioo, huhesabiwa kuwa kosa.

Njia iliyozoeleka, kama ile inayofuatwa katika mradi wa WebKit, ni ya ngazi. Kuna kabati la pamoja lenye majibu ya wote, na kila mfumo una kabati lake dogo lenye yale tu yanayotofautiana. Jaribio linapofanywa, jibu hutafutwa kwanza katika kabati dogo. Lisipopatikana humo, hutafutwa katika la pamoja. Utaratibu huu una busara. Jambo linalowahusu wote huandikwa mara moja, na anayetofautiana hana haja ya kunakili kila kitu ili aseme neno lake moja.

Hata hivyo, una hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba kigezo cha pamoja kikiwa na kosa, mifumo yote hufaulu kwa jibu lisilo sahihi, na kufaulu kwao kunalificha kosa. Makubaliano ya mifumo si ushahidi wa usahihi ikiwa yote imenakili kutoka mahali pamoja. Hatari ya pili ni ya kiutendaji. Jaribio likishindwa katika mfumo mmoja, mtunzaji ana njia mbili: airekebishe programu, ama achukue lile jibu baya, aliandike katika kabati dogo na kuliita jibu linalotarajiwa. Njia ya pili ni nyepesi, hasa siku ya kutoa programu inapokaribia. Baada ya miezi michache hakuna akumbukaye kwamba lile lilikuwa kosa. Limekuwa kawaida ya mahali.

Msomaji aliyezoea isimu atatambua mara moja kwamba hatari hizi si ngeni. Ya kwanza ni hatari ya usanifishaji. Ya pili ni hatari ya kuiita lahaja kile ambacho ni upungufu wa aliyeisikiliza.

3. Mbegu ya kulinganishia

Mkulima wa Endebess hana haja ya kufundishwa maana ya majaribio. Kituo cha utafiti cha Kitale ndicho kilichotoa mahindi ya Kitale Synthetic II mwaka 1961, na mwaka 1964 kikatoa mbegu chotara ya H611, iliyopatikana kwa kuyachanganya mahindi hayo ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador. Tangu hapo nyanda za Trans Nzoia zimekuwa ghala la mahindi la Kenya, na wazee kwa vijana huzitaja mbegu kwa nambari zake kama watu wanavyotaja majina ya ng'ombe wao.

Katika majaribio ya mbegu kuna utaratibu unaostahili kuangaliwa na wanaisimu. Mbegu mpya hupandwa sambamba na mbegu inayojulikana, katika shamba lile lile, msimu ule ule, kwa mbolea ile ile. Mbegu hiyo inayojulikana ndiyo ya kulinganishia, na hupandwa tena katika kila shamba la majaribio. Hakuna mtafiti makini ambaye angepima mbegu mpya Endebess, kisha akailinganisha na mavuno ya mbegu ya zamani yaliyopatikana mahali pengine penye mvua nyingine na udongo mwingine. Akifanya hivyo, hatajua kama tofauti aliyoiona imetokana na mbegu au imetokana na mahali.

Kanuni hii ni rahisi, lakini inavunjwa kila siku katika upimaji wa lugha. Kigezo cha Kiswahili huandaliwa mahali pamoja, kikageuzwa kuwa tarakimu, kisha tarakimu hiyo ikachukuliwa na kupelekwa kila mahali. Mtambo uliopata alama nzuri huko hutangazwa kwamba unajua Kiswahili. Anayetatizika kuutumia huko Endebess huonekana kwamba yeye ndiye hakijui.

4. Daftari moja, nchi nne

Mfano wa kwanza wa kigezo cha pamoja ni hazina ya data za kimahali inayotunzwa na Shirika la Unicode, maarufu kwa kifupi CLDR. Hazina hii hukusanya, kwa kila lugha, majina ya siku na miezi, majina ya nchi na sarafu, namna ya kuandika tarehe na tarakimu, na mengineyo. Kampuni za Apple, Google na Microsoft zote huitumia. Neno moja likibadilishwa humo, yamkini litabadilika katika simu za mamilioni ya watu.

Mpango wake ni ule ule wa ngazi. Kiswahili kina kabati la mzazi, na maandishi ya Tanzania ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya mzazi. Kenya, Uganda na Kongo ni watoto. Kila mtoto huandika yale tu anayotofautiana na mzazi, na palipo kimya husomwa maneno ya mzazi. Mwanahistoria wa lugha hatakosa kuona mlingano: mwaka 1930 nchi zilikuwa nne, na leo makabati ni manne, ingawa Unguja sasa imo ndani ya Tanzania na Kongo imeingia. Tofauti kubwa ni kwamba leo mtoto ana haki ya kuandika neno lake. Hilo ni jambo la kusifiwa, kwa sababu Kamati ya zamani haikuwa na nafasi kama hiyo.

Lakini haki ya kuandika si sawa na kuandikwa. Kimya cha kabati la Kenya kinaweza kuwa na maana mbili: kwamba Wakenya wamekubaliana na mzazi, au kwamba hakuna Mkenya aliyeulizwa. Daftari halionyeshi tofauti baina ya vimya hivi viwili. Huo ni upungufu wa kwanza.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi, nao unahusu saa. Data za Kiswahili zina vipindi vya siku vilivyopangwa kwa uangalifu: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Lakini tarakimu ya saa inabaki ile ya hesabu ya Kizungu. Mswahili, na kila mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili, huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Maziwa yanayopelekwa Endebess saa moja asubuhi, kwenye kioo cha simu iliyowekwa katika Kiswahili, yanapelekwa 7:00. Msomaji hugeuza tarakimu hiyo kichwani bila kufikiri, na kwa hiyo kosa halionekani. Mtambo utakaoisoma kwa sauti neno kwa neno utasema "saa saba asubuhi", saa ambayo haimo katika Kiswahili. Jaribio litafaulu katika mifumo yote, kwani mifumo yote imechota kisima kimoja. Hapa Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mkongo hawana ugomvi. Kosa limo katika kabati la mzazi, na ndiyo maana hakuna mtoto aliyelilalamikia.

Hata lugha nyingine za Endebess zimeguswa na mpango huu. Katika hazina hiyo kuna kabati moja la Kiluhya na kabati moja la Kikalenjin. Mbukusu hana lake, wala Msabaoti hana lake, ijapokuwa katika orodha ya kimataifa ya alama za lugha Lubukusu na Kisabaoti kila moja ina alama yake. Mzazi amepewa jina la ukoo mzima, na wana waliobaki wanatarajiwa kurithi maneno ya ndugu mmoja.

5. Tafsiri ya kulinganishia

Mfano wa pili ni wa programu za kutafsiri. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya Facebook walitoa mkusanyo uitwao FLORES-101, wenye sentensi 3,001 za Kiingereza zilizotolewa katika miradi ya Wikimedia na kutafsiriwa na wafasiri wa kulipwa katika lugha 101. Mwaka 2022 mkusanyo ulipanuliwa hadi kufikia lugha 200 na zaidi. Kiswahili kimo, na Dholuo na Kikamba vimo. Kiluhya hakimo. Kazi hiyo ilifanywa kwa uangalifu mkubwa na imewasaidia wengi, kwani kabla yake kila mtafiti alijipimia kwa sentensi zake mwenyewe na matokeo hayakuweza kulinganishwa.

Ugumu umo katika matumizi yake. Kila sentensi ina tafsiri moja tu ya kulinganishia. Programu hupewa alama kwa kadiri maneno yake yanavyokaribiana na maneno ya tafsiri hiyo. Kipimo kilichoenea zaidi kwa kazi hii ni kile kiitwacho BLEU, kilichotangazwa na watafiti wa kampuni ya IBM mwaka 2002, na wenyewe walikusudia kwamba sentensi moja iweze kulinganishwa na tafsiri kadhaa. Kuwa na tafsiri moja peke yake ni matokeo ya uhaba wa fedha na wakati. Si sharti la kipimo chenyewe.

Ichukuliwe sentensi hii ya mfano: "Mbunge wa eneobunge la Endebess alifungua shule ya upili." Mkenya hataona neno la kumsumbua. Tafsiri ya kulinganishia ikiwa imeandikwa na Mtanzania, itakuwa: "Mbunge wa jimbo la Endebess alifungua shule ya sekondari." Sentensi zote mbili ni Kiswahili fasaha, na zote mbili zinasema jambo moja. Lakini programu iliyofuata Kiswahili cha Kenya itapoteza alama mara mbili. Zaidi ya hayo, neno "jimbo" si sawa kwa wasomaji wote wawili. Kwa Mtanzania ni eneo la uchaguzi. Kwa Mkenya linakumbusha serikali za majimbo za katiba ya mwaka 1963, jambo ambalo lilizua siasa kali hasa katika nyanda hizi za Bonde la Ufa.

Katika mpango wa ngazi, jambo hili lina dawa rahisi: "eneobunge" na "shule ya upili" ziandikwe katika kabati la Kenya, na kipimo kisome humo kwanza. Hii ni tofauti halali. Haihitaji kusahihishwa, inahitaji kuorodheshwa tu. Ajabu ni kwamba hazina ya tarehe na sarafu ina makabati ya nchi, ilhali kipimo cha tafsiri, ambacho ndicho kinachogusa maana, hakina.

6. Sikio la mtambo

Mfano wa tatu umetoka karibu zaidi na Endebess. Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya, akiwamo Barack Wanjawa, Lilian Wanzare na Florence Indede, walitangaza mkusanyo uitwao Kencorpus. Watafiti walipelekwa vijijini, shuleni, katika vyombo vya habari na kwa wachapishaji ili wakusanye maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Mkusanyo una maandishi 4,442 yenye maneno milioni 5.6, na rekodi za sauti 1,152 zenye jumla ya saa 177. Kwa upande wa Kiluhya zilichaguliwa lahaja tatu, na Lubukusu ni mojawapo. Kwa mara hii Mbukusu hakuachwa chini ya jina la ukoo. Alitajwa kwa jina lake. Kazi hii ni ya kiwango cha juu, na uhakiki unaofuata hauipunguzii heshima.

Watafiti hao walijaribu pia programu ya kusikiliza Kiswahili na kukiandika, wakapata kiwango cha makosa cha asilimia 18.87, yaani takribani makosa 19 kwa kila maneno 100. Tarakimu hiyo ni ya wastani, na wastani hauonyeshi makosa yameangukia wapi. Je, makosa 19 yamegawanyika sawasawa kwa wasemaji wote, au msemaji mmoja ana makosa 5 na mwingine ana 40? Swali hili si la hesabu tu. Ni la fonolojia.

Katika Lubukusu, vipasuo ghuna b, d na g hupatikana baada ya nazali tu. Kwingineko husikika p, t na k. Mbukusu asemaye Kiswahili kwa mazoea ya lugha yake huweza kusema "kunia" kwa "gunia", "tawa" kwa "dawa" na "pata" kwa "bata". Lakini atasema "ng'ombe" na "ndama" bila taabu, kwa kuwa nazali imetangulia. Akitaja mbuzi atasema "mbusi": b imebaki kwa sababu ya nazali, na z imekuwa s. Katika Lubukusu mnyama huyo ni "embusi". Haya si makosa ya ovyoovyo. Yana kanuni, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuieleza.

Msabaoti ana kanuni nyingine. Katika Kisabaoti, kama katika lugha nyingine za Kikalenjin, ughuna hautofautishi maana za maneno. Konsonanti moja huweza kusikika kwa ghuna au bila ghuna kulingana na sauti zinazoizunguka. Kwa hiyo Msabaoti na Mbukusu wanaweza kulitamka neno moja la Kiswahili kwa njia mbili zisizo sawa na zisizo za sanifu, nao wakaelewana vizuri sokoni. Wanaelewana kwa sababu msikilizaji wa Endebess hutegemea muktadha. Anajua kwamba mtu aliyekuja kuuza "kunia" la mahindi ameleta gunia.

Mtambo uliofundishwa kwa sauti za mahali pengine hauna ujuzi huo. Mama akisema mbele ya simu kwamba "koti" linamuuma, mtambo utaandika koti, wala si goti. Hapo lazima liulizwe swali la kigezo: jibu sahihi la kuwekwa akiba ni lipi? Ni "goti", bila shaka, kwa kuwa ndilo neno alilokusudia na ndilo ambalo jirani yake angelisikia. Mtambo umeshindwa. Lakini mtunzaji mvivu, au mwenye haraka, ataandika katika kabati la Endebess kwamba wasemaji wa huko husema "koti", na kwamba makosa mengi kutoka huko yanatarajiwa. Kwa kalamu hiyo moja kasoro ya mtambo imegeuzwa kuwa tabia ya watu. Tangu siku hiyo jaribio litafaulu na mgonjwa hatasikilizwa.

Hapa ndipo mafungu mawili yanapokuwa ya lazima. "Eneobunge" ni tofauti halali, na mahali pake ni katika kabati la Kenya, idumu humo. "Koti" kwa "goti" haifai kuingizwa humo kuwa jibu. Matamshi ya mama huyo ni halali, lakini andiko la mtambo ni kasoro. Liwekwe katika orodha ya madeni, pamoja na tarehe na jina la anayepaswa kulilipa.

7. Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba njia hii itakivunja Kiswahili vipande. Leo kabati la Endebess, kesho la Kwanza na Saboti, keshokutwa la kila kijiji, na mwisho wake lugha iliyowaunganisha watu wa nchi nyingi itakuwa orodha ya vighairi. Hoja hii ina uzito. Kiswahili sanifu, pamoja na kasoro za kuzaliwa kwake, ndicho kilichomwezesha mtoto wa Endebess kusoma kitabu kilichoandikwa Unguja. Kwa miaka mingi mtihani wa KCPE, tangu mwaka 1985 hadi ule wa mwisho wa mwaka 2023, ulimpima mtoto huyo kwa karatasi ile ile aliyopewa mtoto wa Lamu. Wazazi wengi wa bara waliuona huo kuwa usawa, wala hawakuuona kuwa dhuluma.

Jibu ni kwamba mtihani na mtambo vina kazi tofauti. Mtihani humpima mtu kama amejifunza kiwango kilichokubaliwa. Mtambo wa kusikiliza haumpimi mtu. Wenyewe ndio unaopimwa, kama unaweza kumtumikia. Kumtaka mgonjwa asanifishe ughuna wake kabla ya kuelezea maumivu yake ni kukigeuza kifaa kuwa mtahini. Zaidi ya hayo, mpango wa ngazi hauongezi vighairi ovyo. Kabati dogo likiwa tupu, mzazi husomwa, na mambo mengi yatabaki kwa mzazi. Endebess haidai sarufi yake. Inadai kwamba jibu la pamoja lijaribiwe pia shambani kwake, kama mbegu ya kulinganishia.

Hoja nyingine ni ya gharama. Ni kweli kwamba kurekodi wasemaji wa kila mahali ni kazi ghali. Lakini jaribio halihitaji saa 177 za sauti. Wasemaji wachache waliochaguliwa vizuri, Wabukusu na Wasabaoti, wake kwa waume, wakisoma na kuzungumza maneno yenye vipasuo katika mazingira yote, wangetosha kuonyesha kama mtambo unasikia au hausikii. Hiyo ni kazi ya muhula mmoja kwa darasa la fonolojia.

8. Hitimisho

Kigezo cha pamoja ni mali ya wote, na mali ya wote isiyo na mtunzaji huharibika. Kwa sasa visima vya Kiswahili vinatunzwa zaidi na wahandisi wenye nia njema walio mbali na wasemaji, ilhali wenye ujuzi wa lugha wanaandika juu ya Kamati ya mwaka 1930. Idara za lugha za Afrika Mashariki zingeweza kushika mambo matatu. Kwanza, kuandaa daftari la tofauti lenye safu mbili zisizochanganywa, moja ya tofauti halali na moja ya kasoro, na kila ingizo lionyeshe neno, mahali, sababu, idara iliyothibitisha na tarehe ya kuangaliwa tena. Pili, kulikagua kabati la mzazi lenyewe, kuanzia suala la saa, ambalo nchi zote zinaweza kukubaliana. Jambo hili linaiangukia Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar. Tatu, kupanda mbegu ya kulinganishia katika mashamba ya bara. Vyuo vikuu vilivyo karibu, kama Kibabii kilichoko Bungoma na Moi kilichoko karibu na Eldoret, viko mwendo wa saa chache kutoka soko la Endebess.

Mwaka 1930 wenye lugha hawakuulizwa kwa sababu hawakuruhusiwa kuingia katika chumba cha mkutano. Leo mlango wa hazina hizi uko wazi kwa yeyote anayetaka kuleta neno na ushahidi wake. Wasipoulizwa safari hii, itakuwa kwa sababu hakuna aliyekwenda kuwauliza.